Wazee Wanne Waliiona, Ila Haikuonyeshwa

SWALI: Dada shikamoo, mie naandika toka Mikindani hapa Mtwara. Babu yangu na wenzie kila jioni wako barazani na gahawa yao, juzi stori ikafika kwa Samora Machel, yule rais wa Msumbiji, babu akasema mazishi yake mwaka 1986 waliyaangalia laivu kwenye tivii kwa mwalimu mmoja hapahapa mtaani, wenzie watatu wakadakia eeh kweli kabisa, mmoja akaweka kikombe chini akaonyesha kwa mikono jeneza lilivyobebwa na bendera ilivyoning'inia upande mmoja. Nikawaambia mwaka ule Bara hakukuwa na stesheni ya tivii, nilichambwa mpaka nikaondoka. Rafiki yangu wa chuo anasema hiyo ni Mandela ifekti, yaani watu wengi kukumbuka kitu kimoja ambacho hakikutokea, eti kuna dunia nyingine inayofanana na hii na kumbukumbu zinavuja. Wazee wanne wakosee kitu kimoja kweli? Au wananiongopea? – Mjukuu, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Hawakuongopei, na wewe uko sahihi. Stesheni za tivii Bara zilianza 1994, kabla ya hapo ni Zanzibar tu waliokuwa nayo tangu miaka ya sabini, sasa mawimbi ya Unguja yafike Mikindani hata kwa dua ya kisomo hayafiki. Laivu sahau.

Ila ujue kusini Samora alikuwa mtu wetu, wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao Nachingwea, kwahiyo ile tarehe 19 Oktoba ndege ilipoanguka Mbuzini kule Afrika Kusini watu huku walilia kama wamefiwa nyumbani. Habari waliipata redioni, picha wakaja kuziona magazetini, na miaka mingi baadae tivii zilivyoingia zikarusha picha za zamani. Ni kama korosho za wakulima kumi zikishamwagwa pamoja ghalani, korosho ni za kweli lakini nenda katafute ipi ya shamba la nani. Babu picha anayo kichwani, alikoitoa ndio pamepotea, na kichwa hakipendi pengo, kinatafuta sebule ya mwalimu kinaiweka hapo.

Na sio wazee wetu tu. Tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo iliangukia maghorofa ya watu kule Amsterdam, Uholanzi. Baada ya miezi kama kumi hivi wanasaikolojia wakawauliza watu, je ile filamu ya ndege inagonga jengo uliiona kwenye tivii? Zaidi ya nusu wakasema ndio, na wengine wakaeleza mpaka moto ulivyowaka. Filamu hiyo haipo, hakuna aliyeirekodi ndege ikigonga! Watu waliona mabaki na moshi kwenye taarifa ya habari, wakasikia majirani wakisimulia, halafu swali lenyewe likawapa kitu cha kukumbuka.

Hapo kwenye swali ndio pa kuwa makini. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzie Palmer mwaka 1974 waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari, wengine wakaulizwa magari yalikuwa spidi ngapi yalipogongana, wengine wakaambiwa "yalipopondana". Wiki moja baadae wale wa kupondana wengi zaidi wakasema waliona vioo vimevunjika, na kwenye filamu hakikuwepo kioo hata kimoja kilichovunjika. Sasa fikiria baraza, mmoja anasema "mnakumbuka tulivyoangalia kwa mwalimu?", tena ni babu mwenye heshima yake, wa pili anaitika, wa tatu anaongeza bendera, na stori hiyo imerudiwa miaka thelathini na kitu. Wewe unahesabu mashahidi wanne, mie naona shahidi mmoja na waitikiaji watatu, sijui hata yupi ndio alianza.

Kuhusu dunia nyingine, hilo jina la Mandela ifekti lilitokana na Mmarekani Fiona Broome, aliyekuwa anakumbuka Mandela kafia gerezani miaka ya themanini na akakuta wenzie wengi wanakumbuka hivohivo. Mandela alitoka gerezani Februari 1990, akafariki nyumbani kwake Desemba 2013. Watu wakaanza kuisingizia mashine ya kugonganisha chembe ya CERN, ile maabara ya fizikia pale mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ila ile imewashwa 2008, babu yako anasimulia mazishi kabla hujazaliwa. Ulimwengu mwingi ni nadharia ya fizikia kweli, Hugh Everett aliitoa 1957, lakini haisemi popote kwamba mtu anahama na kumbukumbu zake kutoka huku kwenda kule. Rafiki yako kaunganisha mwenyewe.

Ukitaka kujua zaidi, mfuate kila mzee peke yake, usimuulize "uliiona?", muulize alizipataje habari za msiba, alikuwa wapi, na nani. Na ukisikia sebule nne tofauti nyamaza tu unywe gahawa yako, usiwaumbue watu wazima.

SWALI: Dada mambo, sisi huku Nachingwea tumebishana darasani, mkia wa Pikachu, yule wa katuni za Pokémon, una nyeusi nchani au hauna? – Fomu Tu

JIBU: Poa. Hauna, nyeusi iko kwenye masikio. Na msigombane, mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapima watu kwa picha za namna hii, wakakuta kwa baadhi ya picha wengi wanachagua kosa lilelile. Kuna ambao wameonyeshwa picha sahihi muda mfupi tu nyuma na bado wakichora wanakosea vilevile, yaani kuiona tena hakujawasaidia kitu. Unaweza kudhani mtu anahamisha tu weusi wa masikio kuupeleka mkiani, ila watafiti wenyewe walijaribu sababu kadhaa na hawakupata moja inayotosha kwa picha zote.