Jibu: Tanzanite ya Mererani au jiwe la kiwandani?

Dada, nimekuelewa: umenunua jiwe la bluu ukiambiwa ni tanzanite, na sasa sonara anadai limetoka kiwandani. Kwanza, usilikwaruze. Ugumu wa mawe hayo mawili unakaribiana, utaliharibu bure.

Tanzanite ni silikati (madini yenye silikoni na oksijeni) ya kalsiamu na alumini, iliyoumbika ardhini Mererani, kaskazini mwa Tanzania, kwa joto na mgandamizo. Jiwe moja linaloiigiza vizuri ni fosteraiti, silikati ya magnesiamu. Hiyo nayo ipo katika miamba ya asili, lakini ya kuigizia hukuzwa kiwandani kwa kuyeyusha malighafi kwenye joto linalokaribia nyuzi 1,900, ikiwa na kobalti ya kuipa rangi.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10, utazame kupitia uso wa juu hadi kingo za nyuma. Kwenye fosteraiti kila ukingo huonekana kama mistari miwili. Kwenye tanzanite hali hiyo huioni kirahisi. Kisha ligeuze taratibu kwenye mwanga: tanzanite hutoka bluu kwenda zambarau waziwazi, kioo cha kawaida hakibadiliki.

Ukisikia "limechomwa", usiogope. Tanzanite nyingi za asili hupashwa moto, kama nyuzi 600, ndipo zipate bluu hiyo.

Lenzi haitoshi kudai fedha zako. Lipeleke Kituo cha Jemolojia (elimu ya vito) Tanzania, Arusha, au kwa mtaalamu asiyefahamiana na muuzaji. Tunza risiti, na usimrudishie muuzaji jiwe kabla hujapata majibu ya maandishi.