Ukame Umemaliza Malisho: Fidia Huhesabiwaje?

Swali: Nafuga Texas, ng'ombe wazima 60 na mbuzi 40, kwenye ekari 600 za kukodi. Mvua imegoma na nyasi zimekauka. Nasikia serikali ya Marekani hulipa. Je, ni mpaka mifugo ife?

Jibu: La. Mpango wa Livestock Forage Disaster Program, LFP, hulipia malisho yaliyopotea. Vifo vya mifugo vina mpango wake. Wala hakuna atakayekuja kupima nyasi zako. Kinachoamua ni ramani ya ukame ya U.S. Drought Monitor, ambayo hutoka kila Alhamisi, na kaunti unakolishia. Ramani hiyo hupanga ukame kwa madaraja: D2 ni mkali, D3 mkali sana, na D4 ndio mbaya kuliko yote.

Tangu sheria ilegezwe mwaka 2025, kaunti ikikaa daraja D2 wiki 4 mfululizo unapata malipo ya mwezi 1. Ikikaa wiki 7 kati ya 8 mfululizo, miezi 2. D3 ikigusa kaunti hata mara moja ni miezi 3. D3 ya wiki 4, au D4 wakati wowote, ni miezi 4. D4 ya wiki 4 ni miezi 5, na hapo ndipo mwisho. Yote hayo lazima yatokee ndani ya msimu wa kawaida wa kulisha aina ya nyasi ulizonazo. Ndiyo maana majirani wawili wenye nyasi tofauti wanaweza kulipwa tofauti.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi hushtuka. Malipo ya mwezi ni asilimia 60 ya kiasi kidogo kati ya viwili: gharama ya kulisha mifugo yako, au uwezo wa ardhi yako kulisha. Mbuzi 4 huhesabiwa kama ng'ombe mzima 1, kwa hiyo wewe una 70. Tuseme kaunti imeweka ekari 15 kwa ng'ombe: ekari zako 600 zinabeba 40. Utalipwa kwa 40, hata ukiwa na mifugo 200. Ukomo kwa mtu mmoja ni dola 125,000 kwa mwaka.

Nenda ofisi ya kaunti ya Farm Service Agency (FSA), shirika la wizara ya kilimo ya Marekani, na mkataba wa kukodi, orodha ya mifugo na ushahidi kwamba ulikuwa nayo katika siku 60 kabla ya kuanza kwa ukame unaostahili malipo. Fomu ya maombi ni CCC-853. Mwisho wa kuomba ni Machi 1 ya mwaka unaofuata. Ripoti ya ekari, FSA-578, ndiyo huangusha watu: ekari ambazo hazikuripotiwa hazilipiwi. Malisho yanayomwagiliwa kwa kawaida hayamo, wala mifugo ya kunenepeshwa zizini. Na ukiuza kwa sababu ya ukame, tunza risiti. Wanyama waliouzwa kwa sababu ya ukame katika mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, au yote miwili, hulipiwa asilimia 80 ya kiwango cha kawaida.

Swali: Je, moto ukiteketeza malisho?

Jibu: LFP hulipia moto pale tu unapokuwa na kibali cha kulisha kwenye ardhi inayosimamiwa na serikali kuu na ukazuiwa kulisha kwa sababu ya moto huo. Kiwango ni asilimia 50 ya gharama ya chakula, kwa siku ulizozuiwa, zisizozidi 180. Yakiungua malisho kwenye ardhi yako binafsi, LFP haikuhusu.