Kabla ya Kumeza Dawa ya Mafua, Geuza Boksi

Upande wa mbele wa boksi la dawa ya mafua umeandikwa kwa ajili ya kuuza. Kuna picha ya mtu mwenye pua nyekundu, maneno "mafua na homa", pengine "mchana" au "usiku". Dawa yenyewe imeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, penye orodha ya viambato na miligramu zake. Anzia hapo. Mafua huletwa na virusi, hukaa siku 7 hadi 10 na kuondoka yenyewe, na hakuna kidonge cha dukani kinachoyaponya. Ndani ya boksi mna dawa mbili, tatu au nne za kutuliza dalili zilizounganishwa pamoja, na kila moja ina mpaka wake.

Kiambato cha kwanza kukitafuta ni parasetamoli. Imo kwenye vidonge vya maumivu, kwenye dawa za unga za kuyeyusha katika maji moto, na kwenye dawa nyingi za maji za usiku. Dawa za Marekani huiandika acetaminophen. Ni kitu kilekile. Mtu mzima mwenye afya humeza miligramu 500 hadi 1,000 kwa mara moja, hukaa saa 4 hadi 6 kabla ya kurudia, na hazidishi miligramu 4,000 ndani ya saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe kila siku, kipimo hicho hakimfai. Apangiwe chake na mfamasia au daktari.

Tazama mtu makini anavyovuka mpaka bila kujua. Asubuhi, mchana, jioni na usiku anakunywa paketi moja ya dawa ya unga, kila paketi ina miligramu 1,000. Hapo ameshafika 4,000. Kichwa kikimgonga katikati anaongeza vidonge viwili vya maumivu: 5,000. Akienda kulala anapiga kikombe kimoja cha dawa ya maji ya usiku yenye 1,000 nyingine: 6,000. Maelekezo ya kila boksi ameyafuata. Kilichomponza ni jumla. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halipigi kelele. Siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia kawaida, au apate kichefuchefu akadhani ni homa tu. Maumivu chini ya mbavu za kulia na macho ya manjano huja baadaye, ini likiwa limeshaumia. Dawa ya kulikinga ini ipo, asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8 tangu kumeza. Kwa hiyo ukigundua umezidisha, nenda hospitali muda huohuo ukiwa na maboksi yote, hata kama huumwi popote.

Njia rahisi ya kujilinda ni kalamu. Andika saa na miligramu juu ya boksi kila unapomeza. Mtu mwenye homa, aliyeamka usiku wa manane, hakumbuki kama alimeza saa nne au saa sita.

Vidonge vinavyochemka kwenye maji vina jambo lake ambalo wachache hulijua: kimoja cha parasetamoli ya miligramu 500 huweza kubeba sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, karibu miligramu 400. Ukifikisha 8 kwa siku umemeza zaidi ya gramu 3, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 2 kwa siku, chakula na vyote. Mwenye presha au moyo achague vidonge vya kawaida.

Ibuprofeni ni dawa nyingine kabisa, na haihesabiwi pamoja na parasetamoli. Bila ya daktari, kipimo ni miligramu 200 hadi 400 kila baada ya saa 6 hadi 8, mwisho 1,200 kwa siku, tena tumboni mkiwa na chakula. Usiichanganye na diklofenaki, naproksini au aspirini ya maumivu. Ni ukoo mmoja na zote huchubua tumbo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na aspirini aiache. Mjamzito asiitumie kuanzia wiki ya 20 bila daktari, na kabla ya hapo pia aulize kwanza. Aliyetapika au kuharisha hadi amekaukiwa maji aiweke kando, maana figo zake ziko taabani tayari. Na palipo na homa ya dengi, usiiguse ibuprofeni wala aspirini hadi ujue ni homa gani, kwa sababu zote huongeza hatari ya kutoka damu.

Pua iliyoziba ni mtihani wake peke yake. Dawa za kumeza za kuzibua pua, pseudoefedrini na fenilefrini, hubana mishipa ya damu, na hazichagui ya puani tu. Ndiyo maana presha hupanda, moyo hudunda, usingizi hukatika, na kwa mzee mwenye tezi dume iliyovimba mkojo hugoma kutoka. Mwenye presha isiyotulia, ugonjwa wa moyo au presha ya macho aachane nazo. Fenilefrini ya kumeza, kwa kweli, hatuoni sababu ya kuilipia: Septemba 2023 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lilikubaliana kwa kauli moja kwamba haishindi kidonge kisicho na dawa, na Novemba 2024 mamlaka hiyo ikapendekeza iondolewe katika dawa za mafua za kumeza.

Dawa ya kunyunyizia puani yenye oksimetazolini au zailometazolini hufungua pua ndani ya dakika chache. Itumie siku 3, zisizidi 5. Ukiendelea, kila nguvu ya dawa inapoisha utando wa pua huvimba kuliko mwanzo, unanyunyiza tena, unavimba tena. Mafua yamekwisha zamani lakini pua haifunguki bila chupa. Namna ya kunyunyiza nayo ina maana: penga pua kwanza, inamisha kichwa mbele kidogo, shika chupa kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na mkono wa kushoto kwa tundu la kulia, elekeza ncha upande wa nje, kisha vuta pumzi taratibu. Ukisikia ladha chungu kooni, umevuta kwa nguvu na dawa imepita. Maji ya chumvi ya puani hayana ukomo wa siku, na kwa watoto ndiyo ya kwanza.

Maboksi ya "usiku" huwa na klofeniramini, difenihidramini au prometazini. Hizi hulaza. Usiendeshe gari, usipande ngazi, usinywe pombe wala kuongeza dawa nyingine ya usingizi juu yake. Uzito wa kichwa huweza kudumu hadi asubuhi, na wazee huanguka wakienda msalani.

Dawa za kikohozi hatuzipigii debe. Baadhi ya chupa zina dekstrometorfani na guaifenesini pamoja: guaifenesini inalainisha makohozi yatoke, dekstrometorfani inazuia kukohoa ambako kungeyatoa. Anayetumia dawa za sonona amwambie mfamasia kabla ya kununua chochote chenye dekstrometorfani, kwa sababu mchanganyiko huo huweza kuleta mtetemeko, jasho, joto kali na kuchanganyikiwa.

Kwa watoto, mambo hubadilika. Dawa za mchanganyiko za mafua na kikohozi asipewe mtoto wa chini ya miaka 6. Uingereza iliweka mpaka huo mwaka 2009. Aspirini asipewe mwenye chini ya miaka 16, kwa ajili ya ugonjwa wa Reye unaoshambulia ini na ubongo. Cha kwanza kwa homa na maumivu ni parasetamoli, na hapo kosa huwa kwenye ukali wa dawa ya maji. Chukua mtoto wa kilo 12. Kwa miligramu 15 kwa kila kilo, dozi yake ni miligramu 180. Chupa iliyoandikwa 120 mg/5 ml itamfaa kwa mililita 7.5. Ukimpimia mililita zilezile 7.5 kutoka chupa ya 250 mg/5 ml, umempa miligramu 375, zaidi ya mara mbili. Matone ya watoto wachanga ya 100 mg/ml ni makali zaidi: mililita 7.5 ni miligramu 750, zaidi ya dozi zake nne kwa mpigo, wakati ndani ya saa 24 haruhusiwi kupita nne. Kwa hiyo soma namba zote mbili, miligramu na mililita, kila unaponunua chupa mpya. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na chupa. Vijiko vya jikoni havilingani, na "kijiko kimoja" cha bibi si cha mama.

Asali, mililita 2.5 hadi 5 wakati wa kulala, hutuliza kikohozi cha mtoto aliyetimiza mwaka. Chini ya mwaka ni marufuku, kwa sababu ya hatari ya botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli. Kujifukiza juu ya sufuria ya maji yanayochemka pia si kwa watoto, wengi huungua.

Antibiotiki hazigusi virusi. Vidonge vya amoksisilini vilivyobaki kabatini si dawa ya mafua.

Acha kujitibu, mwone daktari, homa ikipita siku 3, ikishuka kisha ikarudi kwa nguvu, au ukihema kwa shida, kifua kikibana, ukikohoa damu au ukichanganyikiwa. Palipo na malaria, usingoje siku hizo 3. Pima mapema, kwani parasetamoli hushusha joto huku vimelea vikiendelea. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi apelekwe hospitali bila kupewa dawa yoyote kwanza, na wa umri wowote akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege, au mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe saa hiyohiyo. Beba chupa uliyompa, na lile boksi uliloandika saa.