Saratani "imehamia" au "imesambaa"?

Msomaji wa Ujiji, Kigoma, anauliza: "Mzee wangu anaugua saratani ya mirija ya nyongo. Hivi karibuni vinundu vimemtokea kwenye ngozi ya kichwa, vikapimwa, tukaambiwa saratani imehamia huko. Shangazi akamshukuru Mungu kwamba imetoka tumboni. Je, neno hilo ni sahihi, na ugonjwa sasa uitwe saratani ya ngozi?"

Pole sana kwa kuuguza. Shangazi hakukosea Kiswahili, kwa kuwa alikielewa kitenzi kama kilivyo. Kuhama ni kuondoka mahali na kwenda kukaa pengine, na kauli ya kutendea katika "hamia" huonyesha tu pale mtu anapofikia, bila kufuta kule kuondoka. Ukisikia jirani yako wa Ujiji amehamia Tabora, unajua chumba chake kimebaki kitupu au kina mpangaji mwingine. Saratani haiendi hivyo: seli humeguka kutoka kwenye uvimbe, huchukuliwa na damu au limfu (majimaji ya mwili yapitayo kwenye mishipa yake), zikaota kwingine, ilhali uvimbe wa kwanza umebaki palepale.

Kwa hiyo napendekeza "imesambaa hadi kwenye ngozi". "Imeenea" si kosa, lakini "imeenea mwilini" humfanya msikilizaji adhani hakuna kiungo kilichosalimika, na kwa mgonjwa mwenyewe hilo ni neno zito.

Kuhusu jina, saratani huitwa kwa mahali ilipoanzia, na matibabu nayo hufuata asili hiyo. Saratani ya ngozi ni ile inayoanzia kwenye ngozi yenyewe, kama ile inayowasumbua ndugu zetu wenye ualbino kwa sababu ya jua. Ya mzee ingali ya mirija ya nyongo, ingawa imefika mahali ambapo ni nadra kufika, kwa maana mara nyingi husambaa kwenye ini, tezi za limfu, utando wa tumbo au mapafu.

Neno "mirija" nalo lisiachwe. Nyongo kwetu ni yale majimaji machungu yenyewe na pia kifuko chake, hivyo "saratani ya nyongo" huweza kueleweka kuwa ni ya kifuko, ambao ni ugonjwa mwingine.

Shangazi aambiwe, kwa upole, hivi: "Saratani ya mirija ya nyongo imesambaa hadi kwenye ngozi ya kichwa, ile ya tumboni bado ipo."