Kujiandaa na IELTS ukiwa kazini: anza na kusoma, sarufi na msamiati uvitoe humo humo

Waaleikum salaam mdogo wangu wa Lamu. Umesema wewe ni muuguzi, zamu hazikupi nafasi, unataka alama za IELTS Academic, mtihani wa Kiingereza, ili ujisajili Uingereza. Tayari una kitabu cha sarufi, una orodha ndefu ya maneno uliyopakua, na una rundo la mazoezi ya ufahamu, na hujui ushike kipi kwanza. Shika kusoma. Sarufi na msamiati utavikuta humo humo, na vitakaa kichwani kuliko ukivisoma kila kimoja peke yake.

Nami ni muuguzi, niko Malindi. Mtihani niliufanyia Mombasa, na tangu hapo nimekuwa nikikaa barazani na wenzangu wanaojiandaa, kwa hiyo ninayokuandikia nimeyaona kwangu na kwao.

Jua kwanza unachotakiwa. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, NMC, linataka 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Mtihani wa kusoma una vifungu 3, maswali 40, dakika 60, na hakuna dakika za ziada za kuhamisha majibu. Alama ya 7 kwa kawaida hupatikana ukifikisha majibu sahihi 30 hivi. Ukikosa hukatwi alama, kwa hiyo usiache swali lolote wazi. NMC pia hukubali OET, ambao ni mtihani wa lugha wa watu wa afya. Chagua mmoja leo ukae nao, maana maandalizi ya mitihani hiyo miwili hayafanani.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kifungu kimoja, kimoja tu, ukifanye kwa dakika 20 kama uko chumba cha mtihani. Baada ya kusahihisha ndipo masomo yanapoanza, na hapa ndipo wengi hufunga kitabu. Rudi kwa kila swali, hata ulilopata, upige mstari chini ya sentensi iliyobeba jibu. Kisha liandike swali na sentensi ile ubavu kwa ubavu. Utaona kwamba mtungaji wa swali karibu kila mara hatumii maneno ya kifungu. Kifungu kikisema "declined sharply", swali litasema "fell quickly". Kifungu kikisema "the elderly", swali litasema "older people". Jozi hizo ndizo msamiati wako. Neno ulilolikuta likifanya kazi, ukalikuta na mwenzake, hulisahau kwa urahisi, na siku ya kuandika utakuwa na maneno mawili ya jambo moja badala ya kurudia lile lile.

Ukitaka orodha pia, usitumie hiyo ya maelfu. Iko Academic Word List ya Averil Coxhead, ya mwaka 2000, yenye koo za maneno 570 (kila ukoo ni neno na yale yaliyotokana nalo) yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma, yakiwa yamepangwa kuanzia yanayotumika zaidi. Itumie kwa kukagulia: ukikutana na neno kwenye kifungu, tazama kama limo, kama limo, ni la kujifunza. Kama halimo na ni jina la mdudu fulani wa Amerika ya Kusini, lipite. Msamiati wetu wa wodini hautakufikisha mbali katika mtihani huu, kwa sababu vifungu huweza kuhusu nyuki, reli, vyungu vya kale, chochote.

Kuhusu sarufi nitakaa kidogo, kwa sababu naona inafundishwa kama jambo la kuandika tu, na kumbe ndiyo inayowaangusha watu katika kusoma. Soma sentensi hii: "The dhows built in Lamu carried mangrove poles to Arabia." Wengi nilioketi nao waliisoma kana kwamba majahazi ndiyo yaliyojenga kitu Lamu, wakakwama kwenye "carried" wasijue limetokea wapi. Kwa Kiswahili tungesema majahazi yaliyoundwa Lamu yalibeba boriti hadi Uarabuni. Kirejeshi, ile "-yo-" ya "yaliyoundwa", kimo ndani ya kitenzi chenyewe, kinakuambia papo hapo kwamba kuundwa huko ni maelezo tu na kitenzi kikuu kiko mbele. Kiingereza hukificha. Kingeweza kusema "which were built", lakini mara nyingi "which were" huondolewa, likabaki "built" peke yake, linafanana kabisa na wakati uliopita. Vifungu vya kitaaluma vimejaa sentensi za namna hii, tena ndefu, zenye maelezo matatu yaliyopangana kabla ya kitenzi kikuu kutokea.

Zoezi langu ni hili, na ningekuwa na uwezo ningemlazimisha kila anayejiandaa alifanye. Katika kila kifungu, chagua sentensi tano ndefu kuliko zote. Tafuta kitenzi kikuu cha kila moja, ukizungushie duara. Tafuta nani au nini anayetenda. Kisha sema kwa Kiswahili, kwa sauti, sentensi nzima. Ukiweza kuisema kwa Kiswahili chenye kirejeshi mahali pake, umeielewa. Usipoweza, hujaielewa, hata kama kila neno unalijua. Jioni ukiwa kwenye mashua ya kutoka Mokowe unaweza kufanya sentensi hizo tano kabla hujafika gatini Lamu.

Halafu kuna yale maswali ya True, False na Not Given, ya kusema kama kifungu kinakubali jambo, kinalikana, au hakikulitaja, yanayowatoa watu jasho. Nitakupa mfano wa kwetu. Tuseme kifungu kinasema hivi: Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapewa nahodha wa kumwongoza, na Mei akafika Calicut. Swali la kwanza: da Gama alivuka kwenda India bila mwongozaji. Hilo ni False, kifungu kinalikana. Swali la pili: nahodha huyo alikuwa mzaliwa wa Malindi. Wewe uliyekulia pwani una habari zako juu ya nahodha huyo, umesimuliwa na mwalimu au na babu, na mkono unakuvuta uandike True au False. Jibu ni Not Given. Kifungu hakikusema alizaliwa wapi, basi. Unachokijua kutoka nje kiache mlangoni. Ili kuandika False lazima uweze kuweka kidole kwenye maneno yanayopingana na swali. Kidole kikikosa pa kukaa, ni Not Given.

Na katika maswali hayo, sarufi ndogo ndogo ndiyo hakimu. "Few visitors" ni wageni wachache mno, karibu hakuna. "A few visitors" ni wageni kadhaa, wapo. Herufi moja tu imegeuza jibu. Sisi hatuna "a" wala "the" katika lugha yetu, kwa hiyo jicho letu huziruka. Lifundishe lisiziruke. Vivyo hivyo "most", "only", "may" na "hardly": ukiliona mojawapo katika swali, rudi ukahakikishe kifungu kina kiwango hicho hicho. Kifungu kikisema dawa "may" kusaidia na swali likasema inasaidia, hizo si habari moja.

Katika kujaza mapengo, soma sharti kwanza. Ukiambiwa maneno yasizidi mawili, ukaandika matatu, umekosa hata kama maana ni ile ile. Kabla hujatafuta jibu, jiulize pengo linataka nomino au kitenzi, umoja au wingi. Ukiacha "s" ya wingi inapotakiwa, jibu ni kosa. Hapa sisi tuna bahati: anayesema kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka tangu utotoni ana sikio la upatanisho tayari. Litumie sikio hilo kwa Kiingereza, ukiuliza kila mara, hiki kinapatana na nini?

Upande wa kuandika nitataja machache tu, maana hukuuliza sana. Makosa ninayoyaona zaidi kwa watu wetu ni kuchanganya "he" na "she", kwa sababu "yeye" hatubagui. Kusema "informations" na "equipments", ilhali maneno hayo hayachukui "s" ya wingi. Na kutumia "has" pamoja na tarehe iliyokwisha pita, kama "has started in 2015". Kuwa na daftari la makosa yako mwenyewe, si ya kitabu. Kila insha ikirudi, kosa linalojirudia lihamishie ukurasa wa kwanza, na usome ukurasa huo kabla ya insha inayofuata. Kitabu cha sarufi kifungue pale tu daftari linapokutuma, ukasome sura hiyo moja, ufunge.

Usidanganyike kwamba kuchanganyika na wageni kutatosha. Hapa Malindi vijana wa ufuoni wanazungumza Kitaliano kizuri walichokiokota kwa kusikia tu, nami nawaheshimu sana kwa hilo. Lakini mpe mmoja wao ukurasa wa gazeti la Kitaliano na dakika 20, ni kazi nyingine kabisa.

Siku ukitoka zamu ya usiku, usifanye kifungu. Lala. Siku hizo soma tahariri moja ya gazeti la Nation au Standard bila saa, au sikiliza kipindi kimoja kifupi cha BBC Learning English, ambacho ni bure na kina maandishi yake ya kufuatia. Vifungu vya saa viweke siku za mapumziko. Wiki mbili za mwisho fanya mtihani mzima wa dakika 60 bila kusimama, na ugawe muda usio sawa: kifungu cha tatu huwa kizito zaidi, kwa hiyo cha kwanza kimalize ndani ya dakika 15, cha pili 20, ubakishe 25 za kile cha mwisho.

Ukishafanya vifungu vitatu vinne kwa njia hii, niletee hapa sentensi zilizokushinda kupata kitenzi kikuu, tuzichambue pamoja. Niandikie pia aina ya maswali unayokosa zaidi, kwa sababu anayekosa Not Given hasaidiwi na dawa ya anayekosa mapengo.