Kabla ya kuusoma mshipa, uliza chumvi

Wadogo zangu mliojiunga na timu ya utafiti wa presha, zoeeni mapema kwamba anjiotensini II, homoni inayobana mishipa na kupandisha presha, haina nguvu moja ya kudumu. Wape dozi ileile watu wawili, mmoja amekaa siku kadhaa bila chumvi, mwingine anakula chumvi nyingi. Presha ya wa kwanza itapanda kidogo tu, ya mwenzake itapanda zaidi. Wageni wengi hapo hukimbilia kushuku dawa au mashine.

Chumvi ikipungua, figo hutoa kwa wingi renini, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa anjiotensini, na anjiotensini II ya mwili wenyewe hupanda. Vipokezi, yaani sehemu homoni inaponasa, kwenye misuli laini ya mishipa huwa vimeshashikwa, na idadi yake nayo hupungua. Ukiongeza yako, mshipa haushtuki. Lakini tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, huenda kinyume kabisa: zinakuwa nyepesi kuitikia na kumwaga aldosteroni, homoni inayoiambia figo ibakize sodiamu. Homoni ni moja, mabadiliko yanapishana, na kwangu huo ndio utamu wa somo hili: mwili unabakiza sodiamu bila kuibana mno mishipa ya figo. Norman Hollenberg na Gordon Williams wa Boston walieleza kundi la wagonjwa wa presha ambao figo na adrenali zao hazibadiliki hivyo. Msidhani pia kwamba mishipa imelegea kwa kila homoni. Noradrenalini, homoni nyingine inayobana mishipa, haiguswi kwa kiasi hicho.

Sasa kazi yenyewe. Mtu akikwambia "situmii chumvi", mwitikie kwa heshima, kisha mpe dumu la mkojo wa saa 24. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, mingine yote inaingia, pamoja na wa asubuhi ya pili. Pimeni na kreatinini, taka ya misuli ambayo mtu huitoa kwa kiasi kinachokaribiana kila siku, maana dumu lililokusanywa nusu hudanganya vizuri sana. Gramu 1 ya chumvi ni kama milimoli 17 za sodiamu, hesabu ni nyepesi. Ukiona milimoli 150 kwa aliyeapa hagusi chumvi, ulizia magadi kwenye maharage, supu za vidonge, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Na mpe siku tano hivi za mlo mpya kabla ya kumpima. Siku ya pili mwili bado unahangaika.

Wodini hali hiyohiyo ina hatari. Mgonjwa aliyebana chumvi huku akimeza dawa za kukojosha anaishi kwa kutegemea anjiotensini yake. Akianzishiwa enalaprili, dawa ya presha inayozuia mwili kutengeneza anjiotensini II, kwa dozi kubwa, presha inaweza kuporomoka siku hiyohiyo. Anza na dozi ndogo, mpime akiwa amelala, kisha akisimama.