Ndege ya Alhamisi usiku, na siku moja Doha

SWALI

Mhariri wa ukurasa huu, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 63 na ninaishi Tanga. Mwezi Januari nitasafiri kwenda Houston, Marekani, kumwona binti yangu ambaye amejifungua mtoto wake wa kwanza. Visa ya Marekani nimekwisha kuipata, lakini sijawahi kusafiri nje ya nchi, wala sijawahi kukaa ndani ya ndege zaidi ya saa moja. Tiketi yangu inaonyesha kuwa nitaondoka Dar es Salaam Alhamisi saa 02:40 na kufika Doha saa 08:30, kisha nitaondoka Doha Ijumaa saa 01:20 na kufika Houston Ijumaa saa 08:40. Nimepanga kupanda basi la Alhamisi asubuhi kutoka Tanga ili niwahi ndege ya usiku. Naomba unijibu mambo matatu. Je, muda wa kusubiri Doha niumalizie uwanjani, au mwanamke wa umri wangu anaweza kutoka peke yake akauona mji? Je, nifanyeje na miguu yangu, ambayo huvimba hata nikisafiri kwa basi, na dawa ya shinikizo la damu ninayomeza kila asubuhi? Na je, vitu ninavyotaka kumpelekea mzazi, yaani samli, achari ya maembe, unga wa muhogo, viungo vya pilau na nyama kavu, vitapita?

Mwalimu mstaafu, Tanga

JIBU

Mwalimu, shikamoo, na hongera kwa kupata mjukuu.

Kabla ya maswali yako matatu, naomba uichukue tiketi uitazame upya, kwa sababu kuna jambo hukuliuliza ambalo lina uzito kuliko yote uliyoyauliza. Tiketi za ndege huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, na tarehe hubadilika hapo hapo. Saa 02:40 ya Alhamisi ni saa nane na dakika arobaini za usiku wa kuamkia Alhamisi, yaani usiku unaoanza Jumatano jua likichwa. Basi unalotaka kupanda Alhamisi asubuhi litatoka Tanga wakati ndege yako iko angani kuelekea Doha. Ondoka Tanga Jumatano alfajiri kama huna budi, lakini mimi ningekushauri uondoke Jumanne, ulale kwa ndugu Dar es Salaam, na Jumatano saa tano usiku uwe umekwisha kufika uwanjani.

Jambo hili ninalisisitiza kwa sababu limetufika nyumbani kwetu. Tulimsindikiza shangazi yangu uwanjani na masanduku yake mawili yaliyofungwa kamba, tukapanga foleni kwa furaha, na kijana aliyepokea tiketi akaiweka juu ya meza, akaigeuza itutazame sisi, akaweka kidole juu ya tarehe bila kusema neno. Ndege ilikuwa imeondoka karibu saa ishirini kabla. Hakuna aliyekuwa mzembe, kwani tarehe tuliisoma sote. Wazee wetu wa pwani wakisema usiku wa Ijumaa, wanakusudia usiku unaoitangulia Ijumaa yenyewe, kwa kuwa kwao siku huanza jua linapokuchwa, na kwa hesabu hiyo wao na tiketi yako wanakubaliana kabisa. Tunaopotea ni sisi tuliozoea kusema "Alhamisi usiku" kwa maana ya usiku unaoufuata mchana wa Alhamisi. Kila uonapo kwenye tiketi saa inayoanza na 00, 01, 02 au 03, sema kwa sauti "usiku wa kuamkia", kisha uitaje siku iliyoandikwa, na hutakosea. Hesabu hiyo hiyo itumie kwa ndege ya pili: saa 01:20 ya Ijumaa ni saa saba na dakika ishirini usiku, baada ya mchana wako wote wa Alhamisi utakaoutumia Doha.

Sasa nije kwenye mchana huo. Utakuwa na saa 16 na dakika 50, na saa ya mkononi hutaigusa, kwa sababu Qatar na Afrika Mashariki hutumia saa zilezile. Kitakachokushangaza ni jua, kwani mwezi Januari magharibi ya Doha huingia karibu na saa kumi na moja jioni, mapema kuliko Tanga kwa takriban saa moja na nusu. Msimu wenyewe ni mzuri. Joto la huko kuanzia Juni hadi Septemba hupita nyuzi 40 na nisingekuruhusu kutembea mchana, lakini Januari hewa ni ya baridi kiasi, nawe utahitaji shali jioni.

Ukibaki ndani ya eneo la wasafiri wanaounganisha ndege, huhitaji visa ya Qatar. Ukitaka kutoka, ni lazima upite uhamiaji, na masharti yake hutegemea pasipoti uliyo nayo na hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo mwombe kijana wa nyumbani akutazamie kwenye Hayya, mtandao wa serikali ya Qatar unaoshughulikia visa, na uliulize pia shirika la ndege lililokuuzia tiketi. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya safari, si ukiwa umekwisha kufika. Siku ya safari, ukiwa kwenye kaunta ya Dar es Salaam, uliza kama masanduku yako yamefungiwa lebo ya kwenda moja kwa moja Houston, na usome mwenyewe herufi IAH, ambazo ndizo alama ya uwanja mkubwa wa Houston.

Ruhusa ikipatikana, jibu langu ni kwamba utoke, Mwalimu. Uwanja wa ndege wa Doha, uitwao Hamad, uko karibu na mji na umeunganishwa nao kwa treni ya chini ya ardhi. Utapanda treni ya Njia Nyekundu hadi Msheireb, utabadilisha kwenda Njia ya Dhahabu, na kituo kinachofuata ni Souq Waqif. Nauli ya kawaida ni riyali 2 kwa safari, au riyali 6 kwa tiketi ya kutwa, na dola moja hubadilishwa kwa riyali 3.64. Ndani ya treni ipo sehemu ya familia inayotumiwa na akina mama na watoto, nawe keti huko. Vazi lako la kawaida la heshima linafaa bila kuongeza chochote.

Usianze kuzurura mara tu utakapotua, kwa kuwa utakuwa hukulala. Uwanjani kuna vyumba tulivu vyenye viti vya kujinyoosha, na vyumba vya kuswalia pia vipo. Lala huko hadi saa tano au sita mchana, huku mkoba wenye pasipoti na fedha ukiwa umevaliwa mwilini, kisha ndipo utoke. Anzia Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kiislamu, ambalo unaweza kulifikia kwa miguu kutoka kituo cha Souq Waqif kwa mwendo wa takriban dakika 20 kando ya bahari. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 2008, na msanifu wake, I. M. Pei, alikuwa na miaka 91. Alikataa lijengwe ufukweni, akataka litengenezewe kisiwa chake, ili majengo ya baadaye yasije yakalizonga. Umbo lake alilipata baada ya kulitazama jengo dogo la kutawadhia katika msikiti wa Ibn Tulun, Cairo, na ukisimama mbele yake jioni utaona jinsi kuta zile nyeupe zinavyogawanyika kuwa vivuli na mwanga bila pambo jingine lolote. Hapo karibu, majahazi yametia nanga, nawe uliyezaliwa Tanga hutahitaji mtu wa kukueleza ni vyombo gani.

Kisha rudi Souq Waqif. Neno la kwanza ni ndugu wa neno letu "soko", na Waqif maana yake ni aliyesimama. Utawaona wazee wenye vizibao vya rangi nyekundu iliyokolea wakisukuma mikokoteni ya gurudumu moja kubeba mizigo ya wanunuzi, na jina lao huko ni hammali, neno ambalo wachukuzi wa bandari za kwetu wamelibeba vizazi vingi. Kunywa chai iitwayo karak, ambayo ni ya maziwa yenye iliki na haitakuwa ngeni kinywani mwako. Wala usishangae mlinzi wa duka au mhudumu wa hoteli akikujibu kwa Kiswahili, maana Wakenya na Waganda wengi wanafanya kazi katika mji huo. Mwanamke kutembea peke yake mchana na jioni sokoni hapo ni jambo la kawaida, na mimi nisingekuwa na hofu juu yako. Hofu yangu ni uchovu tu, kwa hiyo saa moja usiku uwe ndani ya treni ya kurudi. Ndege za kwenda Marekani huwa na ukaguzi wa ziada karibu na lango la kupandia, na usingizi wa kitini karibu na lango umewaachisha ndege watu wengi walio vijana kuliko wewe.

Kuhusu miguu, safari ya Doha hadi Houston huchukua takriban saa 16, nawe usiichukulie kama safari ndefu ya basi, kwa sababu basi husimama Muheza, Segera na Chalinze na watu wakashuka. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa kukaa bila kujongea kwa zaidi ya saa nne huongeza takriban maradufu hatari ya damu kuganda katika mishipa ya ndani ya miguu, ingawa hatari yenyewe ni ndogo, kiasi cha mtu mmoja kati ya 6,000. Omba kiti cha pembeni ya njia sasa hivi, usisubiri siku ya safari. Mimi niliwahi kukaa dirishani kando ya watu wawili waliolala fofofo, nikaona haya kuwaamsha kwa saa saba nzima, na viatu nilivyovivua Dar es Salaam havikuingia tena miguuni. Kila baada ya saa moja au mbili simama, tembea hadi nyuma ya ndege, ujiinue kwa vidole vya miguu mara kadhaa, na ukiwa umekaa zungusha vifundo. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, na shinikizo lake ni sawa na la mlimani kati ya mita 1,800 na 2,400, yaani kama mtu aliyefika lango la Marangu la Mlima Kilimanjaro au zaidi, kwa hiyo kunywa maji kidogo kidogo bila kungoja kiu. Kwa kuwa una shinikizo la damu na miguu huvimba, mwone daktari kabla ya safari umuulize kama unahitaji soksi za kubana, na usizinunue kwa kukisia. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, au pumzi ikikubana, wakati wa safari au siku zinazofuata, mwambie mtu mara moja.

Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake za asili, pamoja na cheti cha daktari, na kama miongoni mwake kuna dawa ya maumivu yenye kodeini au tramadoli, usiibebe kabla ya kuuliza, maana Qatar huzidhibiti dawa hizo kwa ukali. Houston iko nyuma yetu kwa saa tisa mwezi Januari. Ukimeza dawa nyumbani saa mbili asubuhi, huko itakuwa saa tano usiku wa jana yake. Mwombe daktari huyo huyo akuandikie kwa mkono siku na saa za vidonge vitatu vya mwanzo, na saa yako ya mkononi iache ikisoma saa za nyumbani mpaka ulimalize karatasi hilo.

Zawadi za mzazi zitagawanyika. Nyama kavu iache, itachukuliwa. Samli nayo ningeiacha, kwa kuwa mazao ya maziwa yana masharti yake, na Houston kuna maduka mengi ya Wahindi yanayoiuza. Achari iingie sanduku kubwa, kwani kimiminika kinachozidi mililita 100 hakiruhusiwi mkononi, na mtungi ufungwe kwa mifuko miwili kisha uvingirishwe ndani ya khanga. Unga na viungo navyo viwe sanduku kubwa, kwa sababu ndege ziendazo Marekani hutilia shaka vitu vya ungaunga vinavyozidi mililita 350 mkononi. Andika jina la kila kitu kwa Kiingereza juu ya pakiti yake, na ukifika Houston ukiulizwa kama una chakula, sema ndiyo na uvitaje vyote. Afisa ndiye atakayeamua, na anayetaja hata akinyang'anywa kitu haadhibiwi kama anayeficha.

Mpigie binti yako leo umsomee tarehe kama ilivyo kwenye tiketi, ili Ijumaa hiyo asubuhi awe uwanjani, na uandike anwani na simu yake kwenye karatasi utakayoikunja ndani ya pasipoti, kwa sababu maafisa wa uhamiaji watakuuliza unakwenda kukaa wapi, na simu yako huenda wakati huo ikawa imeishiwa chaji.